Taa ya Kijani Kwenye Jina la Lavonne

Nawaandikia akina mama wenzangu ambao mtoto wenu amepata kiti katika bunge la chini la jimbo, au anakitafuta. Shule niliishia darasa la sita, pamba ikaniita, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa hapa. Ninachotaka mjue ni habari ya simu. Kosa langu lilikuwa simu.

Binti yangu wa kwanza, Lavonne Gaither, aliingia bungeni akiwa na miaka thelathini na mmoja. Kaunti yetu ya Bascomb haikuwahi kupeleka mwanamke kule, wala mtu wa rangi yetu tangu zile siku chache baada ya utumwa kuisha, walipokaa kidogo kisha wakatolewa kwa sheria na kwa bunduki. Baada ya hapo, miaka themanini na zaidi, mweusi aliyeingia ukumbini aliingia na ufagio. Shangazi yangu Ludie alipangusa meza zile miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya mle ndani kabla Lavonne hajazaliwa.

Alisema zamani kura ilipigwa kwa mdomo. Karani anaita majina mia na ishirini na mawili, moja moja, na aliyekwenda msalani ana muda wa kujisaidia, kunawa, na kurudi kabla jina lake halijafika. Halafu wakaleta ubao wa umeme. Kila meza ikawekewa kitufe cha kijani cha ndiyo na chekundu cha hapana, na ukutani kila jina likapata taa yake. Tangu hapo kura inakwisha kabla hujafunga kifungo cha suruali. Kwa hiyo wakajizoeza: ukitoka, unamwambia wa meza ya jirani rangi unayotaka, naye anakubonyezea. Kanuni inakataza. Wote wanafanya. Shangazi Ludie alisema aliwahi kuona mzee mmoja akibonyezea meza tatu kwa fimbo.

Jirani ya Lavonne alikuwa Mzee Hollis Tarpley, mzungu wa upande wa milimani, mwenye sikio moja linalosikia na droo iliyojaa peremende. Hawakuwa chama kimoja, lakini walipatana. Alimwita mwanangu "Binti Bascomb" na kumtania kwamba anasoma miswada mpaka nukta za mwisho.

Sasa mswada wenyewe. Ulitaka kufunga hospitali ndogo za kaunti tisa, yetu ikiwemo, wagonjwa wapelekwe mjini, mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa kavu. Binti yangu mdogo, Clarice, alikuwa na mimba ya miezi minane, na ya kwanza ilimtoka njiani, ndani ya gari, kwa kuwa wodi yetu ya uzazi ilikuwa imefungwa kwa ukarabati wiki ile. Mnaelewa basi kwa nini sikulala mwezi mzima. Lavonne alikuwa amehesabu vichwa: Spika hapigi kura, wanaobaki ni mia na ishirini na mmoja, na mswada ungeanguka kwa kura moja. Hiyo moja ni yake.

Siku ya kura nilimpigia simu mara nne. Ya kwanza kumuuliza kama amekula. Ya pili Clarice alikuwa ameshika kiuno, nikaogopa, kumbe alikuwa ameshika kiuno tu. Ya tatu hata sikumbuki. Ya nne redio ilikuwa imesema mvua ya barafu inakuja, nikataka kujua kama alibeba koti zito. Bawabu wa ukumbini, ambaye sauti yangu alishaichoka, akaniambia, "Mama Gaither, mwanao yuko kazini." Nikamwambia nami niko kazini, aniitie.

Walikuwa kwenye marekebisho. Lavonne alileta marekebisho ya kuitoa Bascomb na kaunti nyingine kwenye orodha. Aliposikia mama yake yuko kwenye simu mara ya nne, akadhani Clarice. Akamgusa bega Mzee Tarpley akamwambia, "Nibonyezee kijani," akakimbia kwenye kibanda cha simu.

Mimi nikaanza habari ya koti.

Nilipokuwa naongea, kule ndani mtu akasimama akapinga kwamba marekebisho yameandikwa kwenye ukurasa usio wake. Spika akakubali, akayatupa, akaita kura ya mswada wenyewe palepale. Mzee Tarpley alikuwa ameambiwa kijani, hakuambiwa cha kura ipi. Akabonyeza kijani chake, akanyoosha mkono akabonyeza kijani cha mwanangu. Sitini na mmoja kwa sitini. Lavonne alirudi taa zikiwa bado zinawaka, akaona jina lake.

Saa kumi na mbili jioni redio ilisoma majina ya waliopiga ndiyo. Waliposema Gaither nilidhani kuna Gaither mwingine. Simu ikaanza kulia. Dada Ozella wa kanisani, tuliyepika naye miaka yote, hakunisalimu. Aliuliza tu wamempa nini. Nikamwambia mwanangu hanunuliwi. Akasema, "Basi ametolewa bure, Dada, na hiyo ni mbaya zaidi." Akakata.

Lavonne alipiga baadaye kidogo. Akanieleza mambo mawili, nami nimeyashika mpaka leo. Akitaka, anaweza kumwandikia karani barua: nilikuwa nje, kura yangu ilikuwa hapana. Itachapwa kwenye kitabu cha bunge, jina lake litasafishika, lakini hesabu haibadiliki, hospitali zinafungwa. Au anaweza kuomba kura irudiwe. Hapo kuna sharti moja. Anayeruhusiwa kuomba irudiwe ni yule tu aliyepiga kura upande ulioshinda, na mwisho ni kikao cha kesho. Aliyeshindwa hana ruhusa hiyo, wasije wakasumbua kila siku.

Nikamuuliza, sasa wewe ni upande gani?

"Nikiandika barua, nimeshindwa," akasema. "Nikinyamaza, kura ni yangu, nimeshinda."

Nikamwambia andika barua. Nasema kweli yote hapa, sijifichi. Nilimwambia, mwanangu, safisha jina, mengine Mungu anajua. Clarice alikuwa amekaa meza ya jikoni ananitazama, mkono juu ya tumbo. Lavonne akaniuliza kama barafu imeshaanza kuanguka huku kwetu.

Asubuhi nilipanda basi la kwanza nikiwa na mkate wa mahindi na kuku kwenye kitambaa. Nikakaa roshani ya juu, ileile ambayo Shangazi Ludie alikuwa akipanda kupumzisha miguu. Kuku hakuguswa. Nilimwona Lavonne chini amevaa koti jepesi. Koti zito hakuwa nalo.

Spika alipouliza kama kuna hoja, akasimama. Akasema anaomba kura ya jana irudiwe. Upande wake wenyewe mtu mmoja akacheka kwa uchungu, mwingine akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo amekumbuka alikozaliwa." Spika, mtu mnene wa maneno machache, akamuuliza kama alipiga kura upande ulioshinda.

"Ndiyo, Mheshimiwa Spika. Kitabu kinasema hivyo."

Hapo akainuka mwenye mswada, Mheshimiwa Creel, mwembamba, nywele zimelowa mafuta. Akasema ana swali dogo kwa mheshimiwa wa Bascomb. Je, si kweli kwamba kura ilipopigwa yeye alikuwa kwenye kibanda cha simu, akizungumza na mama yake?

Mtu mmoja tu mle juu alijua kwa hakika jibu lake, na ni mimi. Akisema ndiyo, kura si yake, hoja imekufa. Akisema hapana, amedanganya mbele ya jimbo zima, na mama yake yuko hapa anamwangalia. Nilitamani roshani inimeze pamoja na kuku wangu.

Lavonne hakusema ndiyo wala hapana. Alimgeukia Spika. "Mheshimiwa Spika, mheshimiwa Creel anataka tuanze kuuliza ni mkono wa nani uliobonyeza. Mimi niko tayari. Naomba tuanze na yeye, na Jumanne iliyopita."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele meza kwa meza, maana kila mmoja alikuwa na Jumanne yake. Creel mwenyewe masikio yakamwiva mekundu. Spika akagonga nyundo akasema bunge hili linasoma ubao, halisomi mikono. Hoja ipigiwe kura.

Nikahesabu taa. Lavonne alibonyeza kwa kidole chake, akabaki amekikandamiza kama anayezuia damu. Jina la Tarpley halikuwaka rangi yoyote. Mzee alikuwa ameinama kwenye droo anatafuta peremende, akatafuta mpaka kura ikafungwa. Sitini na mmoja kwa hamsini na tisa. Kisha mswada ukaitwa upya, na hapo mzee akabonyeza kijani chake kama jana, kwa kuwa ndivyo alivyoamini. Haukutosha. Ulianguka kwa kura moja.

Mtoto wa Clarice alizaliwa Bascomb wiki tatu baadaye, dakika kumi na moja kutoka mlangoni kwangu. Mjukuu wa Dada Ozella pia, mwaka uliofuata, kitanda cha dirishani.

Lakini kitabu cha bunge hakifutwi. Uchaguzi ulipokuja, mshindani wake alichapisha ukurasa wa siku ya kwanza peke yake, jina la Gaither limezungushiwa wino, akaugawa makanisani. Chini yake aliandika: aliuza, akaogopa, akarudisha. Lavonne aliwaeleza watu habari za sharti la upande ulioshinda, wakamsikiliza kwa adabu, wakaenda wakampigia mwingine. Alishindwa kwa kura themanini na nne. Dada Ozella hajaniambia alimpigia nani, nami sijamuuliza, tunapika pamoja kama zamani.

Hivyo, mama mwenzangu, kama mwanao amekaa kwenye kiti kile, mwache akae. Mwambie rangi haiachwi kwa jirani, hata jirani mwema. Habari ya koti iandike kwenye karatasi, utampa akija.

Lavonne sasa anafundisha hesabu shule ya sekondari. Nikimpigia, kabla sijasema neno namuuliza, "Umesimama au umeketi?"

"Nimeketi, Mama," anasema. "Sema sasa." Na mara nyingi nakuta nimesahau nilichotaka.