Cheti Kilichotangulia Somo

Mtandao wa nyumba ile ulikuwa wa kukatikakatika, lakini wifi hakukatika hata siku moja. Alikuwa dada wa mume, amekuja kukaa kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa umeota mizizi. Mwenye nyumba, mwoka mikate katika kiwanda kidogo cha mikate, alimpenda. Ila alimchosha.

Siku aliyomsikia mwoka mikate akisema kwamba msimamizi wa zamu anastaafu, na kwamba meneja anamtaka mtu aliyesomea usalama wa chakula, wifi alivamia simu yake kama kuku aliyeona mtama.

"Hii hapa! Kozi ya siku moja, cheti cha kimataifa. Wifi, fanya haraka, zimebaki nafasi mbili!"

"Nina unga mpaka viwikoni. Ngoja ninawe, nisome kwanza."

"Ukisoma kwanza, wenzio watakuwa wameshajaza. Si unaona saa inarudi nyuma?"

Aliponawa na kuja, kazi ilikuwa imekwisha. Wifi alikuwa amelipia, akapiga picha kitambulisho cha mwoka mikate kilichokuwa kwenye mkoba na kuituma. Na cheti kilikuwa kimefika, kina muhuri wa dhahabu, na jina lake limekosewa.

"Nimesoma lini?" mwoka mikate aliuliza.

"Hongera, wifi!"

"Nakuuliza, nimesoma lini?"

Aliichukua simu ya wifi, akawaandikia wenye kozi: mwalimu ni nani? Wakajibu, "Hongera, mwanafunzi bora!" Akauliza krimu ihifadhiwe kwenye ubaridi gani. "Hongera, mwanafunzi bora!" Alipokaribia kuitupa simu ukutani, ukaja ujumbe mwingine: awatumie namba ya siri iliyoingia sasa hivi kwenye simu yake mwenyewe, wakamilishe usajili.

"Nisomee, niwatumie," wifi alisema.

"Wifi, keti!" Aliketi.

Asubuhi mwoka mikate alikwenda benki kueleza kwamba picha ya kitambulisho chake iko mikononi mwa watu asiowajua, akabadilisha namba zake zote za siri. Mumewe, aliyemsindikiza, alijaribu kupoza mambo. "Dada yangu ana nia njema."

"Nia njema haiui vijidudu, baba watoto."

Kumbe kubwa lilikuwa mbele. Alipoingia kazini meneja alimwita ofisini, akamgeuzia kompyuta. Cheti kile kile. Wifi alikuwa amemtumia, kwa nia njema.

"Cha kwako ni cha tatu," meneja alisema kwa uchovu. "Mpaka dereva wa mikate ameniletea. Na vyote vina namba moja."

Mwoka mikate aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Kifute, bosi. Sijasoma chochote. Lakini niambie, wewe unakitambua cheti cha nani?"

Meneja alikifuta, akaona kosa lake. Alikuwa amewatangazia watu mafunzo bila kusema mafunzo gani. Akampigia simu afisa afya, naye akataja vyuo viwili vinavyofundisha kwa mtandao. "Wala msiniamini mimi," aliongeza. "Tafuteni kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa, kisha mpige simu chuoni wenyewe."

Mwoka mikate alitafuta, akapiga. Akapokea mtu mzima, anayekohoa, asiye na haraka. Alimwambia kozi ni ya miezi kadhaa na ina mtihani wa vitendo, akamfungulia somo la kwanza bure. "Lisome. Lisipokufaa, usilipe." Akampa na namba ya simu ya mwanamke aliyehitimu, mpishi wa shule ya bweni. Mpishi alimwambia kozi ni nzuri, ila mwalimu wa sura ya pili anaongea kama anabembeleza mtoto alale.

"Miezi!" wifi alilia. "Cheo kitakuwa kimeota mvi!"

Na kweli hakikungoja. Kazi alipewa mzee anayechoma mikate tanurini, aikaimu kwanza. Mwoka mikate aliumia, akanuna juma zima, lakini aliendelea. Jaribio la kwanza alifeli. Alisonya, akarudia sura ya pili, ya kupanga vyakula kwenye jokofu, huku akijifinya asisinzie, na safari hii akafaulu.

Kesho yake alifika kazini na kwenda moja kwa moja kwenye jokofu. Trei za mayai mabichi zilikuwa juu ya krimu, kama zilivyokaa miaka yote. Akaanza kuzishusha chini.

"We mama, nani kakutuma?" mzee wa tanuri alifoka. "Hata msimamizi hujawa!"

"Yakivuja kwenye krimu hayatauliza msimamizi ni nani," alijibu, pumzi ikimtoka. "Shika trei upande huo, baba. Nzito."

Mzee aliguna, akashika.