Tangazo Limetumwa

Gauthier hakuumizwa na jeneza kama alivyoumizwa na viti. Alikodi viti vya plastiki vya kuwatosha watu wote wa chama, akavipanga chini ya hema pale kwao Makomeno, na tangu kilio cha mama yake kilipoanza hadi maziko vilikaa vitupu vikila vumbi la kiangazi. Majirani walikuja. Ndugu wa damu walikuja. Watu wa chama, ile mutualité ya kusaidiana ya waliotoka mji wa migodi wa Kambove, hawakutia mguu.

Na huyo waliyemsusa alikuwa mama Agnès, mwanamke aliyesonga bukari, ugali wa kwao, katika vilio vyao vyote hadi mikono ikamtoka malengelenge. Gauthier alikaa na hasira hiyo tangu siku ya maziko. Iliingia naye kazini, ikalala naye, ikaamka kabla yake. Aliyemuuma kuliko wote alikuwa Ruphin, aliyekua naye Kambove, wakicheza mpira kwenye udongo mwekundu wa mgodi. Wengine wangeweza kusingizia umbali. Ruphin asingizie nini?

Katika chama hicho mfiwa hatangazi msiba wake mwenyewe. Ukianza kuwapigia watu simu kwamba umefiwa, utaonekana unaomba msaada kabla maiti haijapoa. Kutangaza ni kazi ya chama. Zamani muzee Katongo ndiye aliyezunguka na baiskeli yake, nyumba hadi nyumba, akivua kofia kila mlangoni. Kisha Gauthier, fundi wa tovuti, akawatengenezea kitu cha kisasa: Princesse, katibu wa chama aliyehamia mji wa mbali, anaarifiwa na ndugu wa mfiwa, anaandika jina la marehemu na mahali pa kilio, anabonyeza, na simu za wanachama wote zinapokea ujumbe. Katongo akaambiwa apumzishe baiskeli. Hakuna aliyemkumbuka tena, Gauthier akiwa wa kwanza kutomkumbuka.

Basi Jumamosi moja asubuhi Gauthier alifungua kompyuta ofisini kwake mjini akiwa na nia mbaya kabisa. Alitaka kujitoa kwenye chama na kuifuta tovuti yake, waone watakavyofanya. Ila kwanza alitaka ushahidi kwamba tangazo la mama yake liliwafikia wote, akawatupie usoni mkutanoni. Ili awe na uhakika, aliandika tangazo la kujaribu, la kwenda kwenye namba yake peke yake. Akabonyeza. Ukurasa ukageuka kijani: *Tangazo limetumwa. Poleni sana.*

Simu yake ilikaa kimya mezani. Akajaribu tena. Ukurasa ukampa pole tena, kwa adabu ile ile, na simu ikakaa kimya ile ile.

Mtu wa kazi hiyo hujua pa kuanzia: iulize seva, kompyuta inayoiendesha tovuti, imekwama wapi. Gauthier akaingia kwenye mipangilio, akaiagiza ionyeshe makosa yote. Hakuna kilichoonekana. Akatafuta faili ambamo seva huandika malalamiko yake, akalikuta tupu. Tovuti mbovu inayolalamika ni afadhali; hii ilikuwa mbovu na inatabasamu. Akafungua script yenyewe, yale maandishi ya amri aliyoyaandika kwa mkono wake, na pale juu kabisa, kabla ya amri nyingine yoyote, palikuwa na mstari unaoizuia isitaje kosa la aina yoyote. Chini yake, mbele ya amri ya kutuma ujumbe, kulikuwa na alama ya @. Amri ikitanguliwa na alama hiyo, kosa lake humezwa, mambo yakaendelea kama kawaida.

Hapo akaikumbuka siku ya uzinduzi. Wazee wamevaa suti, wageni wamealikwa, ukurasa umetandazwa ukutani, na ghafla katikati ya hotuba likatokea onyo refu kuhusu jambo dogo lisilo na madhara. Watu wakacheka. Papa Floribert, rais wa chama, akamvuta pembeni.

"Site yetu haiwezi kutapika mbele ya bageni," alimwambia. "Ni haya. Funga kosa yote, isionekane hata moja."

Fundi mwenye msimamo angemweleza kwamba makosa hufichwa machoni pa wageni lakini huandikwa mahali fundi atayaona. Gauthier alijua hilo vizuri sana. Lakini naye alikuwa ameona haya, tena kuliko rais, kwa hiyo alifunga kila kitu, ndani na nje, akapaka kijani juu yake.

Aliufuta mstari ule, akaiondoa alama, akabonyeza. Sasa seva ikasema: anwani ya kampuni inayosafirisha ujumbe haipo. Alipotafuta habari za kampuni hiyo, akakuta imehamia anwani nyingine tangu mwanzo wa kiangazi. Tangu wakati huo hakuna aliyepata tangazo lolote, na kila mara Princesse alipobonyeza alipewa pole.

Kwa hiyo hawakumsusa mama yake. Hawakujua. Gauthier alijisikia kulia kwa nafuu, akaandika anwani mpya upesi upesi na kubonyeza bila kufikiri. Alisahau kitu kimoja alichokiweka yeye mwenyewe, na kwa majivuno: tangazo lisilofika, script hulijaribu tena hadi lifike.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa majaribio. Ikatetemeka tena: *Baba wa Ruphin ametutoka. Kilio kiko Katuba.* Kisha wafu wengine, mmoja baada ya mwingine, watu waliokwisha kuzikwa na maua ya makaburi yao kukauka. Wa mwisho alikuwa mama Agnès. Mji mzima simu zilikuwa zikilia hivyo, na Gauthier alikaa akiitazama yake asijue aizime au aitupe.

Papa Floribert alipiga papo hapo. Alitaka wanachama waambiwe ni kosa la réseau, la mtandao tu, basi, na mambo yaishe. Gauthier alikata simu bila kumjibu, akapanda teksi hadi kwa Ruphin, Katuba.

Ruphin alimfungulia mlango nusu. Simu ilikuwa mkononi mwake.

"Asubui ya leo simu inanijulisha kama papa yangu alikufa," alisema.

Gauthier alimweleza yote, anwani, seva, mstari ule wa juu. Alisema hakujua msiba wa mzee. Angejua angekuja hata kwa miguu. Ruphin alimsikiliza hadi mwisho.

"Kilio ya mama yako mi nilisikia ku soko," alisema. "Nilivaa hata viatu. Kisha nikawaza: Gauthier hakukuya ku kilio ya papa. Nikavivua."

Gauthier akasema tena kwamba ni machine, haikusema kama imekwama.

"Na ni nani aliikataza kusema?"

"Ni miye."

Ruphin aliinamisha kichwa. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilimtisha Gauthier zaidi. Kawaida ya chama ni kwamba marehemu hubebwa na watoto wa wenzake. Mtu wa Kambove hafikishwi kaburini na mikono asiyoijua.

"Nani alibeba mama?" Ruphin aliuliza.

"Bantu ba kulipa. Bale banakaaka ku mulango ya makaburi."

"Mmoja mukubwa, wa kofia ya bleu?"

"Ndiyo."

"Ni bale bale balibeba papa," Ruphin alisema, kisha akafunga mlango taratibu.