Wino wa Duka la Dawa

Nikiri mapema, kabla hamjanipenda: siku ya kupiga kura mimi nililala. Sikuugua wala sikusafiri. Asubuhi nilikuta foleni imetoka shuleni hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikajiambia nitarudi nikishakula. Wali ulikuwa na dengu na samli. Nilipozinduka ilikuwa saa kumi na moja na nusu, kituo kimeshafungwa nusu saa nzima iliyopita.

Na mgombea ni Dhaneshwar, fundi baiskeli, rafiki yangu tangu hatujaota ndevu! Aligombea ubunge wa jimbo bila chama, alama yake ndoo. Mpinzani wake, Chandrabhan, ameshapitia vyama vitatu kama mtu anayejaribu viatu dukani. Nikawaza, ndoo itaambulia kura mia mbili, yangu ya nini?

Tatizo lilikuwa kidole. Kila aliyepiga kura kapakwa wino, mimi ningemwonyesha nini Dhaneshwar? Nina diploma ya famasia na duka la dawa, mji mzima unaniita Daktari. Nikachukua ile dawa ya kuchomea chunjua inayogeuza ngozi kuwa nyeusi, nikajipaka mstari safi kwenye kidole cha shahada cha kushoto.

"Baba Rinki," mke wangu akauliza, "hiyo kura umeipigia kitandani?"

"Nyamaza, mama Rinki."

"Mi nimenyamaza. Kilichokuwa kinapiga kelele ni mkoromo wako."

Siku ya kumi na sita, majimbo yote yalipomaliza kupiga kura, wakahesabu. Tulijazana kwa Dhaneshwar, kwenye karakana yake, televisheni juu ya rundo la matairi. Raundi ya tisa ya kuhesabu, ndoo inaongoza kwa kura elfu mbili! Fataki zikapigwa, Dhaneshwar akavishwa mashada ya maua hadi ikabaki pua. Kinyozi alikuwa tayari anamwita mheshimiwa na kumwombea kazi mkwe wake.

Raundi ya kumi na tano, ya mwisho, ikatoka. Chandrabhan 18,407. Dhaneshwar 18,406.

Wakahesabu upya. Vilevile. Wapiga ngoma wakabeba ngoma zao, wakaelekea kwa Chandrabhan bila hata kuuliza njia.

Dhaneshwar akavua mashada, moja moja. "Kura moja," akasema. "Leteni vidole."

Tukapanga mstari kama watoto wanaokaguliwa kucha. Wino wa wengine ulishafifia, lakini doa lilikuwepo. Akafika kwa mdogo wake, Bisahu, fundi mwashi. Kidole cheupe pe.

"Kaka, nilipiga! Ni saruji. Nashika saruji kutwa, imeula wino wote."

"Saruji imeula wino, au Chandrabhan amekula akili yako?"

"Naapa kwa mama!"

"Usimwingize mama. Mama alibebwa kwa kitanda kwenda kupiga kura." Akanikamata mkono, akauinua juu. "Angalieni kidole cha Daktari! Siku kumi na sita, kinang'aa kama cha jana. Huyu si damu yangu, lakini nani ndugu hapa?"

Watu wakanipigia makofi. Kinyozi akanisukumia samosa mdomoni. Mke wangu, pale mlangoni na wanawake wenzake, akajifunika uso kwa upindo wa sari. Mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama anacheka.

"Kusanya vitu vyako," Dhaneshwar akamwambia Bisahu. "Wewe, mkeo na hao watoto. Nyumba ya baba haikai msaliti."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Bisahu alikitazama kidole chake, halafu akakitazama changu kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akanisogelea.

"Daktari, wewe ndiye unayejua mambo ya dawa hapa. Mwambie kaka wino unavyotoka."

Samosa ilikuwa bado mdomoni. Nikaendelea kuitafuna.

"Mwambie basi, Daktari. Atakusikia wewe."