Tangawizi Isiyotaka Ndimu

Ukiambiwa mtu hajitambui, muulize anayekwambia amejuaje. Fairuz hakuuliza. Alimwamini mumewe Aqil, Aqil naye akayaamini macho yake mwenyewe, na kwa wiki kumi na moja nyumba nzima ile ya Kisauni ikawa inampita Bi Alawiya kwenye kiti chake cha magurudumu kama watu wanavyopita kabati.

Kiharusi kilimpiga bibi wa watu upande wa kulia, kikamfunga na ulimi. Akawa wa kulishwa uji kwa kijiko na kufutwa kidevu, macho yake ukutani kutwa. Aqil, mwanawe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mgonjwa asiyejibu humchosha mtu wa haraka kuliko anayepiga kelele. Ndipo akakata shauri: Jumamosi mamake atahamishiwa Malindi kwa Israa, dada yake Aqil, akae chumba cha uani na awekewe msichana wa kumlisha. Yote hayo aliyapanga kwa simu, amesimama nyuma ya kiti cha mamake, sauti juu.

"Hatambui yuko wapi," alimwambia dadake. "Haitamuuma."

Fairuz ilimuuma. Lakini mke wa mtu atasema nini juu ya mama wa mtu? Alichoweza ni kumfungia mkwewe zawadi ya safari, na zawadi aliyoifikiria ni tangawizi ya sukari.

Tangawizi hiyo ndiyo iliyompa Bi Alawiya jina. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha, watu walituma watoto wao toka Mikindani kuja kuiulizia. Vipande vyembamba, vikavu, vyeupe kwa sukari, na ukitafuna kimoja kinakuwashia moto kifuani mpaka machozi yakutoke na bado utake kingine. Wala hakumfundisha mtu. Siku ya kupika alifunga mlango wa jikoni kwa komeo, na Fairuz, mkwe wa miaka tisa, aliijua kazi ile kwa harufu iliyopita chini ya mlango tu.

Jumatatu akajaribu. Alipara tangawizi changa kwa ukingo wa kijiko, akaikata, akaichemsha na kumwaga maji mara mbili kupunguza ukali, kisha akatia sukari na maji kidogo. Shira ilipoanza kuchemka akakamua ndimu, kama alivyofundishwa na mamake tangu kaimati zake za kwanza. Mwanamke gani wa pwani atapika shira asitie ndimu? Bila ndimu shira hurudi sukari, kaimati zikafanya chenga, na wageni wakapata la kusema. Basi akatia, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Alichokipata ni ulimbo. Ulinata kwenye sinia siku mbili, haukukauka ng'o, na sisimizi wakala karamu. Fairuz akalaumu jiko, akalaumu mvua, akamlaumu na muuza tangawizi wa Kongowea. Ndimu hakuilaumu.

Alhamisi alasiri akarudia. Safari hii alikisogeza kiti cha Bi Alawiya mpaka kando ya jiko, asije akateleza huko sebuleni peke yake. Shira ikachemka. Fairuz akawa anazungumza na nafsi yake, kama alivyozoea.

"Leo natia ndimu nzima, si nusu."

Akaikata, akanyoosha mkono juu ya sufuria. Mkono ukakamatwa.

Alidhani amenaswa na kiti. Akatazama chini, akaona vidole vitano vya mkono wa kushoto wa mkwewe vimemshika kwenye kifundo, vimekaza.

"Mama?"

Akaiweka ndimu chini. Vidole vikalegea. Akaiokota tena na kuipeleka juu ya sufuria. Vidole vikamdaka tena, kwa nguvu zaidi, na yale macho ya ukutani sasa yalikuwa yanamtazama yeye. Yalikuwa makali, macho ya mpishi anayeharibiwa chakula chake na mjinga.

"Nisitie ndimu?"

Vidole vikalegea.

Fairuz akacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe lile analolikimbia kwenye kaimati, shira kurudi sukari, ndilo tangawizi inalolitaka! Na kumbe huyu mama yumo humu ndani, mzima, na hasira zake zote. Akausogeza mkono mkavu ule, akauacha umshike, wakapika hivyo wawili.

"Nipunguze moto?" Ukalegea.

Shira ikawa nzito, povu likapanda. "Niepue?" Ukakaza. "Bado?" Ukalegea.

Akakoroga. Akakoroga mpaka akakata tamaa, na hapo mwiko ukabadilisha sauti. Uliokuwa ukiteleza ukaanza kukwaruza, shira ikafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mara moja, mbele ya macho yake, sufuria nzima ikageuka nyeupe. Maji hayakuwepo tena. Kila kipande kilikuwa kimevaa sukari yake, kikavu, kimejitenga na mwenzake.

"Subhanallah," Fairuz akasema, na hakujua anaisemea sufuria au mkono.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulimfika alipokuwa anamwaga tangawizi kwenye sinia. Wiki kumi na moja. Malindi. Chumba cha uani. Haitamuuma.

"Mama, yote yale ulikuwa wayasikia?"

Vidole vikalegea. Fairuz aliona haya. Bi Alawiya akachovya kidole kwenye sukari ya sinia, akakitia mdomoni, na upande mmoja wa uso wake ukaridhika.

Aqil akaingia, funguo mkononi. "Yuwala leo? Gari lake la Jumamosi nimelipata, saa mbili asubuhi."

"Muulize mwenyewe. Yuko mbele yako."

"Fairuz, usianze."

"Muulize kama ataka kwenda Malindi. Akikaza, hataki. Akilegeza, ataka. Mpe mkono wako."

Aqil alitazama sinia, akamtazama mkewe aliyekuwa na machozi mpaka kidevuni. Akachuchumaa, kwa kumridhisha tu, akaingiza mkono wake katika mkono wa mamake.

"Mama," alisema, na macho yale yalikuwa yanamngoja. "Wataka kwenda kwa Israa?"

Mkono ulikaza mpaka chembe za sukari zikamwingia kwenye ngozi. Aqil hakuutoa mkono. Alikaa vivyo hivyo, amechuchumaa, funguo zimemwanguka, kisha akasema neno ambalo hakuwa amemwambia mamake kwa wiki kumi na moja.

"Shikamoo, mama."