Amina ya Wakala wa Benki

Ofisi ya mawakili alikofanya kazi Anatory Kahigwa ilijulikana kwa kutetea mabenki, hasa wanunuzi wa hisa wanapokuja juu. Kahigwa, Mhaya aliyesoma akasomeka, ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa meza pale, na mwaka ule wa kwanza wa Uhuru akakabidhiwa kesi ya Bi Moza aiendeshe peke yake. Alijiona amefika, na nani angemlaumu?

Bi Moza, mjane muuza vitambaa hapo Mwanza mjini, alikuwa ameuza nyumba aliyoachiwa na mumewe akanunua hisa za kiwanda cha kuchambua pamba kule Buhongwa. Kiwanda kikafa hata gunia la kwanza hakijachambua. Hisa zile aliuziwa na Shaibu, wakala wa benki, na sasa alikuwa ameishtaki benki akidai ilimhakikishia kuwa mali yake haitapotea. Akishindwa, uzee wake utaishia katika chumba cha kupanga.

Karatasi zilikuwa upande wa benki. Zilisema wazi kwamba benki inauza tu, haidhamini. Mwiba ulikuwa mmoja. Siku ya mauzo Bi Moza aliomba isomwe Fatiha, kama watu wa mjini wanavyofunga jambo kubwa, na Shaibu akainua mikono pamoja naye, akaitikia Amina.

Kahigwa alikuwa Mkatoliki, na jambo hilo la Amina aliliona dogo, tena kwa moyo mweupe kabisa. Alimwita Shaibu ofisini akamwelekeza aseme kwamba alikuwa anamheshimu mama wa watu, basi. Shaibu aliitikia kwa kichwa.

Kortini Bi Moza alisema kweli tupu: kwa kinywa chake Shaibu hakuahidi kitu. Kahigwa nusura acheke. Akamsimamisha Shaibu, naye akaapa kwa Msahafu, kisha Kahigwa akamuuliza ile Amina ilikuwa na maana gani.

Shaibu alimtazama Bi Moza, akakawia mpaka jaji Mwingereza akamuuliza mkalimani kulikoni.

"Wakili, nikisema ile Amina ilikuwa heshima tu, basi na kiapo nilichoapa sasa hivi ni heshima tu," alisema Shaibu. "Nilijua mama huyu ataelewa kwamba benki imempa neno lake mbele ya Mungu. Nikamwacha aelewe hivyo, maana nilitaka anunue."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kahigwa aliketi, masikio yakimwaka moto. Jaji alipoahirisha kwa chakula, meneja wa benki aliomba wapatane nje ya korti, akakubali kumrudishia Bi Moza fedha zake zote, na hapo hapo akamfukuza Shaibu kazi.

Kahigwa alimfuata Shaibu nje akiwa amefura, lakini Bi Moza alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, Bi Moza," alisema Shaibu bila kuinua macho.

"Marahaba. Wamekuondoa?"

"Wameniondoa."

"Ulinidanganya, Shaibu."

"Nilikudanganya, mama."

"Haya, twende ukale."

Wakaondoka pamoja, yule mama mbele, Shaibu nyuma akijifuta macho kwa kanzu. Kahigwa alibaki barazani na mkoba wake, kazi yake ingali ipo, akawaonea wivu.