Mchezo wa Kumfungia Bibi

Fundi cherehani alijua mambo yameharibika tangu pale mlangoni, maana mwanawe hakumfungulia mara moja. Alichungulia kwanza dirishani kama mdaiwa, ndipo akavuta komeo.

"Uko peke yako, mama?"

"Ulitaka nije na ngoma?"

Mtoto hakucheka. Ndani, ofisi ile ya kutengeneza michezo ya simu, iliyozoea kujaa vijana wenye vipokea sauti masikioni wakitafuna karanga kutwa, ilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Viti vimepinduliwa juu ya meza. Kila kompyuta imebandikwa karatasi yenye namba nyekundu. Madalali wa mahakama walipita asubuhi kuandika mali, na hawakuacha kitu. Feni ina namba. Birika la chai lina namba.

"Mpaka birika," mama akasema.

"Mpaka birika."

Vijana wa kazi walikuwa hawajalipwa mishahara tangu mvua za mwanzo, wakaungana wakaenda mahakamani. Mwenye jengo naye akaona asibaki nyuma, akashitaki kodi yake. Hakimu alikuwa amesema wazi: Ijumaa pesa iwe imelipwa, la sivyo vitu vipigwe mnada, na mwenye kampuni aje aeleze kwa nini asiwekwe ndani. Mwenye kampuni ndiye huyu, mtoto wa pekee, aliyekonda mpaka shati linamning'inia begani kama limeanikwa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mama yake, kama mama yeyote, alikuwa tayari kuyanywa yote ayamalize.

"Njia imebaki moja," kijana akasema. "Ipo kampuni kubwa inataka kuununua mchezo wetu wa Bibi Kwaruza. Wakinunua, madeni yanalipwa, kesi inakwisha. Wanasheria wao wanataka saini moja tu."

"Ya nani?"

"Ya mama mkubwa."

Mama mkubwa alikuwa dada yake fundi, mkubwa wake wa tumbo moja, dobi wa kufua na kupiga pasi. Ndiye aliyemlea huyu kijana miaka ile mama mtu akishona sare za shule. Mtoto alikulia katika chumba cha kufulia, akijificha ndani ya matenga na chini ya mashuka, na mama mkubwa akimtafuta huku akijifanya hamwoni. Mguu mmoja wa mama mkubwa ulikuwa mbovu, kwa hiyo ndala yake iliburuzika sakafuni. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Vyote hivyo kijana alivichukua akavitia kwenye mchezo. Uso, jicho, kovu la kidevuni, hata mburuzo wa ndala alikwenda kuunasa kwa simu. Akamwita Bibi Kwaruza, na watoto wakaupenda mchezo kama pipi.

"Hukumwomba ruhusa?"

"Mama mkubwa ni mama. Mtu anaomba ruhusa kwa mama yake?"

Ni fundi mwenyewe aliyemfundisha hivyo. Kwa mama mkubwa hakubishwi hodi. Unaingia, unafunua chungu, unakula. Ruhusa ni ya watu baki. Hapo ndipo walipokosea wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya.

Aliipokea karatasi ya kutiwa saini, akaikunja. Kisha, hakujua kwa nini, akasema, "Hebu nionyeshe huo mchezo. Mpaka mwisho."

Siku ulipozinduliwa aliuona mwanzo tu: nyumba nzuri, watoto wakikimbia, watu wakipiga makofi naye akipiga. Nani anauliza mwisho wa jambo linalopigiwa makofi? Ninyi wenye watoto wa kutengeneza vitu, ulizeni.

Kijana alimshikia simu. Dada yake fundi akatokea kwenye kioo, mzee kuliko alivyo, akiburuza mguu.

"Unashindaje?"

"Unamkwepa mpaka upate kijiko. Akiingia chumbani, unapenyeza kijiko kwenye komeo la nje. Basi, umemfungia."

"Halafu?"

"Halafu analia. Akilia, unahesabu. Ukifika mia umeshinda."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Huyo bibi. Anatoka saa ngapi?"

Kijana alimtazama mama yake kama mtu aliyeulizwa kitu kisichokuwapo. "Hatoki, mama. Mchezo si umeshakwisha?"

Njiani fundi alitembea na karatasi ndani ya mkoba, mwanzo polepole, kisha haraka, kisha haraka isiyomfaa mtu wa umri wake. Alikumbuka mambo ambayo aliyaona na kuyapita. Dada yake siku hizi alifunga kazi mapema, kabla watoto hawajatoka shule. Alimtuma jirani sokoni. Wiki iliyopita alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso, akasema amejigonga. "Na mlango," alisema, na fundi akacheka, akamwambia uzee umeanza.

Alipokata kona ya uchochoro alisikia sauti za watoto. Walikuwa wakihesabu. Si kwa kelele za kuchezea mpira. Walihesabu pamoja, taratibu, kama wako darasani.

Walikuwa wamechuchumaa mbele ya chumba cha kufulia. Kwenye komeo la nje kulikuwa na kijiko cha bati. Chini ya mlango kulitoka moshi mwembamba.

Msichana mdogo aligeuka. Alivaa sare ambayo fundi mwenyewe aliishona, pindo lake analijua.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa adabu. "Usifungue kwanza. Bado kidogo."

Fundi alikivuta kijiko, kikakataa, kilikuwa kimepinda. Alikivuta tena mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Mlango ulipofunguka joto lilimpiga usoni. Pasi ya mkaa ilikuwa mezani, imefunguliwa mdomo, makaa mekundu ndani. Dirisha lilikuwa limepigiliwa ubao, kazi ya dada yake mwenyewe, kwa ajili ya mawe ya watoto. Na dada yake alikuwa sakafuni, kitambaa kibichi mdomoni, pua yake imegusa upenyo wa chini ya mlango.

Alimburuta nje kwa makwapa. Dobi akatapika, akahema, akatapika tena. Watoto walikuwa wameshatawanyika.

"Dada, kwa nini hukupiga kelele?"

"Nikipiga kelele wanahesabu." Alifuta mdomo. "Kawaida huwa wanachoka, wananifungulia. Leo pasi ilikuwa imeshashika moto."

"Kawaida?"

Dobi aligeuzia uso ukutani.

"Na hukuniambia."

"Nikwambie nini, mdogo wangu? Kwamba mwanetu amenigeuza zimwi?" Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata. "Niliuona uso wangu kwenye simu ya mteja. Nikasema, kijana fundi kweli, hata kovu hakulisahau."

Mkoba ulikuwa umeanguka na karatasi imechungulia. Dobi akaiona. Alikuwa na jicho moja tu zima, lakini halikupitwa na kitu.

"Ile nini?"

Fundi hakuweza kumdanganya mtu aliyetoka kifoni sasa hivi. Akamwambia yote: madalali, hakimu, Ijumaa, saini.

"Lete kalamu," dobi akasema.

"Dada."

"Lete. Mtoto asilale ndani kwa ajili ya sura yangu. Sura yenyewe hii, ningeipeleka soko gani?"

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, vidole vimekwajuka kwa sabuni. Fundi alikuwa na kalamu. Elimu yake iliishia shule ya msingi, lakini maneno ya ile karatasi aliyaelewa: sura itumike katika nchi zote, kwa wakati wote. Leo ni uchochoro mmoja. Akawaza vichochoro vya nchi zote.

Hakumpa kalamu. Alichukua simu.

"Amesaini?" kijana akauliza kabla ya salamu.

"Hasaini."

"Amekataa?"

"Amekubali. Mimi ndiye niliyekataa." Akamweleza alichokikuta.

"Sikujua, mama," kijana akasema. "Lakini watanifunga."

"Mwanangu, ukifungwa wewe, mlango wako utakuwa na askari mwenye ufunguo. Mlango wa dada yangu una nani?"

Alipokata simu alikaa chini kando ya dada yake. Dobi hakumshukuru. Alilia, na kumwambia kwamba ana roho ngumu, na kwamba mtoto yule, yeye dobi ndiye aliyembeba mgongoni zaidi ya mwenye kumzaa. Fundi aliyapokea yote.

Ijumaa madalali walibeba kompyuta, feni na birika. Wanunuzi walipokosa saini walijiondoa. Kijana aliwekwa ndani mpaka deni litakapotafutiwa njia, na kabla hajapelekwa aliuondoa mchezo pale watu wanapouchukulia. Lakini uliokwisha kuingia kwenye simu za watu hauondoki kwa amri ya aliyeutengeneza. Umeshazaliwa.

Siku ya kuwaona wafungwa, fundi alimpelekea nguo safi. Walizungumza kupitia wavu.

"Mama mkubwa hajambo?"

"Anakaa kwangu. Kikohozi kimepungua. Amekunyooshea hilo shati mwenyewe."

Kijana alilishika shati, akainama. "Na watoto? Wameacha?"

Asubuhi ile, akija, fundi alipita mtaa mwingine kabisa, mbali na kwao, mtaa ambao hamjui mtu. Kulikuwa na bibi mmoja anauza maji. Hana kovu, macho yake mazima, anatembea sawasawa. Na nyuma yake, wamejibanza ukutani, watoto watatu walikuwa wakimnyatia, na mmoja wao alishika kijiko.