Unga Chini ya Mparachichi

Mama Pacha alikuwa na wivu usiolala. Kila akifungua dirisha la jikoni, kitu cha kwanza kuona ni miparachichi ya wifi yake, dada wa mumewe, iliyopakwa chokaa toka chini hadi usawa wa kiuno. Majirani walimbandika wifi huyo jina la Chokaa.

"Wifi, naona miti yako inakwenda shule," Mama Pacha alimtania juu ya ukuta. "Umeivalisha soksi."

"Mdudu anayetoboa shina hapendi kutaga penye chokaa. Imebaki nusu ndoo, nikuletee?"

"Wangu hauumwi, asante."

Mti wake ulikuwa mmoja tu, lakini mkubwa, na pacha wake walifunga bembea kwenye tawi lake. Kilichomchoma roho ni kwamba watoto hao hao, ikifika saa ya kula, walikimbilia kwa shangazi yao. Chakula cha mama wanakichokoachokoa, cha shangazi wanalamba sahani. Hata mume, taa ikiungua, anasema, "Muulize dada."

Asubuhi moja alikuta unga chini ya mti, kama ule wa kwa seremala akishakata mbao. Juu, pale tawi la bembea lilipoota, palikuwa na matundu madogo. Alijua ni mdudu, Chokaa alishamweleza. Moyo ukamwambia, mwite. Wivu ukamwambia, aje akucheke? Akachukua fagio, akafagia.

Ikawa ndiyo kazi yake, kufagia kabla wifi hajafungua mlango. Chokaa alipopita ukutani alitupa jicho chini ya mti, akaona pasafi, akaendelea na shughuli zake. Mdudu naye akaendelea na zake. Na watoto bado wanabembea pale pale, hapo ndipo pa kuogopa.

Siku moja pacha walikuwa wanabembea. Chokaa akaita, "Wanangu, viazi vimeiva." Wakaruka, mbio. Mama Pacha, mikono ndani ya beseni la nguo, akanuna. Alikuwa anafungua kinywa awarudishe wamalize kwanza kubembea, tawi likalia paa, likashuka lote juu ya bembea. Ubao wa kukalia ukapasuka vipande viwili.

Chokaa alikuja mbio, mtoto mkono huu, mtoto mkono huu. Akainamia tawi. Ndani lilikuwa mashimo matupu.

"Wifi, kila siku naangalia chini hapa. Mbona palikuwa pasafi?"

"Nilikuwa nafagia."

"Unafagia uchafu, au unafagia nisione?"

"Usione."

Chokaa akageuka, akarudi kwake. Mama Pacha akajua basi, undugu umekwisha. Kumbe alifuata waya, pamba, mafuta ya taa na ile nusu ndoo. Akachokonoa kila tundu la shina mpaka funza weupe, wanene, wakatoka. Akaziba kwa pamba yenye mafuta, juu yake udongo. Mama Pacha alipaka chokaa mwenyewe, kila mara akigeuka kuwatazama pacha.

"Kesho usifagie," Chokaa alisema. "Tujue tundu lipi limebaki."

Kesho yake kulikuwa na unga kidogo, kama chumvi ya kidole. Ng'ambo ya ukuta pacha walikuwa wanakunywa chai kwenye kikombe cha shangazi yao, wakicheka. Bado wivu ulimchoma. Akalipita fagio, akaenda ukutani.

"Wifi," aliita, "njoo uone."